Mtu wa Nne Hajafika

Kila asubuhi, kabla jua halijapanda juu ya mabati, Mshale alikuwa na mazoea ya kuzunguka uwanja wa shule mara nne kwa mbio, kisha kurudi nyumbani kuoga. Jina hilo alipewa na wenzake kwa sababu akishaachiwa, hakamatiki. Lakini kwa wiki tatu sasa asubuhi zake zilikuwa za kukaa jikoni, mguu wa kulia juu ya ndoo iliyopinduliwa, mama yake akimfungua bandeji na kumfunga upya kabla ya kwenda kwenye karakana ya ushonaji alikofanya kazi.

Kifundo kilimteguka mazoezini. Mwalimu wa michezo alikuwa amewakataza kuuruka mtaro ulio nyuma ya uwanja. Yeye akauruka, tena mara mbili, ili watu waone. Mara ya pili ukamkataa. Muuguzi akasema wiki sita bila kukimbia, na mbio za nyika zilikuwa zimebaki wiki tatu tu.

Hizo zilikuwa mbio za shule zote za eneo lile. Timu ya watu wanne inakimbia kwa kufuata ramani, inavuka kilima cha machimbo ya mawe, inachukua baiskeli kwenye kituo cha tatu na kuzunguka bwawa hadi mwisho. Sheria kuu ni moja: wanne wanaanza, wanne wanafika kila kituo. Mwishoni hawahesabiwi tena; hutazamwa tu nani amevuka mstari kwanza. Nafasi ya Mshale ilichukuliwa na Kimya, msichana mgeni shuleni aliyeishi na bibi yake na kusema maneno machache kama anayalipia. Mshale hakumpenda. Kimya hakuwa amemkosea lolote, na hilo ndilo lililomuudhi zaidi.

Siku moja Mwalimu alimwambia kwamba wanatakiwa watu wa kujitolea siku ya mbio, na kwamba aliyeumia mguu bado ana mikono. Mshale alifika nyumbani amenuna, akamwambia mama yake kuwa haendi ng'o.

"Nikawahudumie watu waliochukua nafasi yangu?"

"Nafasi yako uliitupa mtaroni mwenyewe," mama akamjibu, bila kuinua macho kutoka kwenye suruali aliyokuwa akiipinda. "Utakwenda."

Basi Jumamosi ikamkuta kituo cha tatu, chini ya turubai lililotobokatoboka, gongo lake limeegemea meza. Mkuu wa kituo alikuwa Mama Fundi, mwanamke mwenye karakana ya baiskeli karibu na shule, mikono imejaa grisi na mdomo usio na subira. Alimpa Mshale daftari, kalamu na saa ya mezani, akamweleza kazi yenyewe: aandike namba ya timu, saa waliyofika na idadi yao.

"Hesabu vichwa, usihesabu maneno ya watu," alisema. "Na ukitaka kununa, nunia nyumbani. Hapa pana joto la kutosha."

Jua lilikuwa kali kweli. Timu zilifika zimebadilika rangi kwa vumbi, na watu wenye kiu hawana adabu. Mmoja alimnyang'anya kikombe mkononi. Mwingine alimwambia ahesabu upesi, kilema mkubwa wee, wenzake wakacheka. Mshale aliuma meno, akaandika. Kila aliyemwona akidaka baiskeli na kuondoka alimzidishia uchungu. Hata Mama Fundi hakumpa neno jema. Alikuwa ameinama nyuma ya mstari wa baiskeli, akipigana na mnyororo uliokatika na kuulaani kwa sauti ya chini.

Ndipo timu ya shule yake ikatokea kilimani. Nahodha alikuwa mbele, mvulana mrefu aliyezoea kutiiwa na wengine, na nyuma yake mapacha wawili, wenzake wa timu. Watatu. Mshale alinyoosha shingo kutazama njia. Hakukuwa na mtu mwingine.

"Andika wanne," Nahodha alisema, akihema.

"Kimya yuko wapi?"

"Yuko hapo kwenye kona. Anajikokota kama kawaida yake. Andika, tuko wa pili, na walio mbele yetu hawajafika mbali. Baiskeli yake iache, ataichukua atufuate." Akamkaribia zaidi, akapunguza sauti. "Au unataka tushindwe kwa sababu wewe humo?"

Lile neno lilimchoma mahali palipokuwa na kidonda. Mapacha walimtazama kwa macho makavu, kama watu wanaomtazama adui. Mshale alitazama nyuma ya baiskeli. Mama Fundi hakuonekana ila kisogo. Akaandika namba yao, akaandika saa tano na dakika kumi, na kwenye idadi akaandika nne.

Walipokuwa wakipanda baiskeli ndipo alipoona kwamba mmoja wa mapacha amebeba mikoba miwili. Wa pili ulikuwa wa kijani, wenye filimbi iliyofungwa kwenye mkanda. Mkoba huo aliujua vizuri, maana ulikuwa wake kabla Kimya hajapewa. Ndani yake ndimo mnamokaa chupa ya maji. Bila shaka walimpokonya mzigo ili akimbie upesi, na aliposhindwa, wakaondoka nao.

Dakika tano zikapita. Baiskeli ya nne ilibaki imeegemea kamba. Mshale alijiambia kwamba Kimya atatokea, na asipotokea, shauri yake. Nani alimwita kwenye timu ya watu? Sauti nyingine ndani yake ikasema kwamba mtu aliye kwenye kona hachukui dakika tano. Ikafika timu nyingine. Aliwauliza kama wamempita msichana njiani. Hawakumwona mtu. Ikafika nyingine, nayo haikumwona. Kama hakuna aliyemwona, basi hayuko njiani. Mshale alianza kutoka jasho ambalo halikuwa la jua.

Alijua kitakachofuata akisema. Timu ingeondolewa, shule nzima ingemwita msaliti, na kila mtu angejua kwamba aliandika uongo. Akinyamaza, hakuna atakayemtafuta Kimya, kwa kuwa daftari linasema amekwisha fika. Alilitazama lile neno nne. Lilikuwa limeandikwa kwa mwandiko wake, zuri, limenyooka.

Saa tano na dakika thelathini na tano alichukua gongo, akachechemea hadi kwenye baiskeli.

"Mama Fundi, nimeandika uongo," alisema. "Timu yetu ilifika watu watatu. Kimya amebaki mlimani, hana maji wala filimbi."

Alitarajia kofi, au matusi angalau. Mama Fundi aliweka spana chini.

"Tangu lini?"

"Dakika ishirini na tano."

"Umekaa na mtu mlimani dakika ishirini na tano." Alitoa simu yake mfukoni, akampigia muuguzi wa mbio na kumtaka aje na vijana wawili na machela. Kisha akatandaza ramani mezani, akamgeukia Mshale kwa sauti kavu. "Wewe umefanya mazoezi huko. Wangepita wapi?"

Mshale alikumbuka kwamba mapacha walipenda njia ya mkato inayopita ukingoni mwa machimbo ya zamani, ambako changarawe huteleza. Aliweka kidole hapo. Watafutaji walipofika, akawaeleza yote: mti uliokatika, jiwe jeupe, na mahali njia inapogawanyika. Wakaondoka mbio. Yeye hakuweza kuwafuata. Alirudi mezani akaendelea kuhesabu timu, na hakuna saa iliyowahi kwenda polepole kama ile.

Walimleta baada ya muda uliotosha timu sita kupita. Kimya alikuwa juu ya machela, midomo imepasuka, goti limechunika hadi nyama kuonekana. Aliteleza akaanguka kwenye shimo la machimbo, mguu ukabanwa kati ya mawe, na jua likamwakia usoni mpaka akapoteza fahamu. Muuguzi alimnywesha maji yenye sukari na chumvi kidogo kidogo, akasema kwamba saa moja zaidi ingekuwa habari nyingine.

Alipoweza kusema, Kimya alimtafuta Mshale kwa macho.

"Niliwasikia watu wakipita juu yangu," alisema. "Niliita, sauti haikutoka. Nikasema moyoni, si kitu, kituoni wanahesabu."

Mshale akainama. "Nilihesabu. Niliona watatu, nikaandika wanne."

Kimya akageuza uso upande wa turubai.

Timu ya Nahodha ilivuka mstari wa mwisho ikiwa ya kwanza, na kabla haijamaliza kushangilia ikaambiwa imefutwa. Mwalimu alipowauliza, Nahodha alisema Kimya ndiye aliyetaka kuachwa. Pacha mmoja akaanza kulia, njia ya mwongo ikaishia hapo. Wote watatu walizuiwa kushiriki mashindano kwa mwaka mzima, na wakatakiwa kwenda kwa bibi yake Kimya pamoja na wazazi wao. Mshale naye hakusamehewa adhabu: kila Jumamosi ya muhula ule angefagia bohari ya michezo. Nahodha alipopita karibu na meza yake alimwambia neno moja tu, msaliti, na mapacha wakapita bila kumtazama.

Jioni, turubai lilipokuwa likikunjwa, Mama Fundi alilifungua daftari mbele yake. Mshale alishika ukingo wa ukurasa ili auchane.

"Acha," Mama Fundi alisema. "Likate lile neno nne kwa mstari mmoja, andika tatu pembeni, utie sahihi yako. Kosa lisomeke, na sahihisho lisomeke."

Mshale akafanya hivyo. Machozi yalianguka karibu na sahihi.

"Sikiliza, mwanangu," Mama Fundi akasema, na hiyo ilikuwa mara ya kwanza kumwita hivyo. "Ulidhani daftari hili ni la washindi. Washindi hawalihitaji, wao wanaonekana. Hili ni la aliyebaki nyuma, ambaye hana mwingine wa kumsemea. Ukiandika uongo kwa hasira yako, unamfukia mtu akiwa hai. Ulikosea kuandika, ukakosea zaidi kunyamaza. Lakini ulipokuja kwangu ulijua utachukiwa, na ukaja. Ukweli uliochelewa huuma, ila ni bora kuliko ule usiofika."

Jumapili Mshale na mama yake walikwenda kumjulia hali Kimya. Bibi aliwafungulia mlango, akaitikia salamu yao shingo upande, akawaonyesha chumba. Kimya alikuwa kitandani, mguu umefungwa bandeji. Mshale alisimama mlangoni kwa gongo lake, akaomba radhi kwa maneno machache, bila kumtaja Nahodha wala kujitetea.

Kimya akasogeza mguu wake kidogo, pakapatikana nafasi ukingoni mwa kitanda.

"Sijakusamehe bado," alisema. "Lakini keti, utachoka kusimama."