Mdomo wa Harithi na Tarumbeta za Babu

Stendi ya Nachingwea msimu wa ufuta haina adabu. Wapiga debe wanavuta abiria kwa mikono, wauza ming'oko, mizizi ya porini ya kuchemsha, wanapitisha sinia madirishani, kila mtu ana gunia na kila gunia lina mtu anayelilalamikia. Katikati ya zogo hilo simu ya Harithi ikaita.

Haikuita kama simu za watu. Zilianza tarumbeta kwa kishindo, ngoma kubwa ikajibu, halafu fidla zikaja mbio kama farasi waliotoroka zizini. Harithi akatia mkono mfukoni. Kabla hajaitoa, mtu akamshika kiwiko.

"Usipokee."

"Dada, anayepiga ni mama yangu."

"Atapiga tena. Iache iite."

Iliita mpaka ikakatika. Mama akapiga tena, maana kina mama hawakati tamaa, na yule dada akasikiliza amefumba macho. Harithi akapata nafasi ya kumkagua bila kugombezwa: dira la kijani lililomkaa kama limemwagwa, mtandio wa njano, na sentimita ya fundi cherehani ikining'inia shingoni.

"Umeutoa wapi muziki huu?"

"Kwanza nijue nimekamatwa na nani. Kama ni polisi, hiyo sentimita ya kunipimia sare za jela umewahi nayo sana."

Dada akacheka kabla hajaamua kama anataka kucheka. "Naitwa Safina. Nashona pale nyuma ya soko. Na huo muziki ni wa babu yangu."

"Huu ni wa sinema. Nilinasa kipande tu kwa simu."

"Jambia la Kisiwani. Nani unadhani aliutunga?"

Harithi, ambaye hata ungemkata ulimi angeendelea kuongea kwa pua, aliitazama simu yake upya. Sinema ile aliijua kuliko alivyolijua shamba la korosho la baba yake kule Mandawa. Alikuwa na kibanda umiza mjini Ruangwa, banda la mabati lenye mabenchi na televisheni moja, na kazi yake ilikuwa kushika maiki na kutafsiri sinema za kigeni ili watazamaji waelewe nani anampiga nani. Jambia la Kisiwani ndiyo waliyoipenda kuliko zote: mashujaa wanaruka kutoka paa hadi paa, majambia yanatoa cheche, sultani mbaya anadondoka kisimani.

Safina akamsimulia wakiwa wamesimama kwenye jua. Babu yake, Mzee Ismaily, alikuwa mpiga tarumbeta wa bendi ya jeshi. Kampuni ya sinema ikamwita Dar, naye akakusanya tarumbeta za wanajeshi na fidla za watu wa taarabu, akawatungia muziki wa kupigania. Sinema ikaonyeshwa kidogo, kampuni ikafa, mikanda ikaoza stoo. Nyumbani kwao muziki ulibaki mdomoni mwa mzee, anauimba akisubiri uji. Sasa dada mmoja wa Dar, Edina, mwenye kampuni ndogo inayofufua miziki iliyosahaulika na kuitoa upya kwenye santuri na mtandaoni, alikuwa tayari kuutoa. Alichokosa ni muziki wenyewe.

"Sikio la kushoto la babu limeshakufa," Safina alisema. "Nataka ausikie ukiwa umetoka na jina lake, kabla la kulia nalo halijafunga duka."

"Mkanda wa video ninao Ruangwa. Niliachiwa na marehemu mjomba."

"Utanipa?"

"Nipe namba yako."

"Ya nini?"

"Ya kukupigia nikuambie nimekupa."

Basi simu zikaanza. Harithi alipiga asubuhi kuuliza kama mzee ameamka, mchana kuuliza kama amekula, jioni kuuliza kama mjukuu wake naye amekula.

"Harithi, huu mkanda unaufuta vumbi au unaulea?"

"Nauandaa, laazizi. Kitu cha zamani hakiharakishwi."

"Laazizi ni nani?"

"Jina la mkanda."

Jumamosi moja mchana Safina akaja mwenyewe Ruangwa, gauni la rangi ya zambarau, viatu amevibeba mkononi kwa sababu ya vumbi. Akakaa benchi la nyuma. Mbele, Harithi alikuwa na maiki, shati limelowa jasho, anapepesuka na kuruka kana kwamba upanga unamtafuta yeye. "Sultani anamwambia hapa hutoki. Jamaa anamjibu, mzee, mimi nimelelewa Nambilanje, nimetoka sehemu ngumu kuliko hii." Banda zima likaangua kicheko.

Baadaye, mbele ya chai na chapati, Safina alimwangalia muda mrefu.

"Sinema yenyewe ni ya Kiswahili. Wewe unatafsiri kwenda lugha gani?"

"Kiswahili cha Ruangwa."

"Kwa nini usinyamaze tu?"

"Siku moja nilinyamaza. Wakanichangia dawa za malaria."

Safina akacheka mpaka chai ikampalia, na Harithi, akimpigapiga mgongoni kwa ncha za vidole kama mtu anayejaribu pasi kama imepata moto, akajua amekwisha. Lakini miguu yake haikutulia chini ya meza. Haikuwahi kutulia. Akiwa Ruangwa aliwaza Nachingwea, akifika Nachingwea aliwaza Dar, na sasa, mtu aliyemtaka akiwa amekaa mbele yake, aliwaza namna kesho atakavyokumbuka Safina alivyokaa mbele yake.

"Mkanda umechoka," alimwambia. "Utakubali kuchezwa mara moja tu. Nitauingiza kwenye kompyuta nikutumie."

Watafsiri wa vibanda umiza wana desturi moja. Kazi ikitoka bila sauti yako ndani, kesho inaonyeshwa banda la jirani, na jirani wa Harithi alikuwa Nurdini, mtu asiye na haya hata ya kuazima. Kwa hiyo kila mtafsiri hupiga muhuri wa sauti: jina lake na mji wake, katikati ya sinema, mwizi akiiba aibe na jina. Harithi akaunganisha deki na kompyuta, na kwa mazoea akawasha na maiki. Kwake maiki na deki vilipita waya mmoja. Vikishachanganyika havitengani, kama maziwa ndani ya chai.

Alikusudia muhuri mmoja tu, mwanzoni, kuulinda muziki wa babu dhidi ya Nurdini. Lakini tarumbeta zilipopanda na jamaa akaruka paa, mdomo ukaruka naye. Ukaruka paa la pili. Ukapigana. Ukamtupa sultani kisimani. Mwishoni deki ikakohoa mara mbili, ikautafuna mkanda na kuutema vipande vipande.

Harithi akasikiliza alichokipata. Mungu amsamehe, kilimpendeza. Akakituma.

Safina alimpigia papo hapo kwa furaha. "Nipo na babu. Nimeweka laudi spika, naucheza kwenye simu yake, usikie anavyosikia."

Harithi akabana simu sikioni. Kutoka Nachingwea zikasikika tarumbeta, zikifuatwa na pumzi ya mzee inayokatika. Kisha ikaja sauti nyingine, ya kwake mwenyewe, na kwa mara ya kwanza aliisikia kama wanavyoisikia wengine: "Oyaa wana Ruangwa, kaeni mkao wa kula, Harithi Mdomo Mali yupo kazini."

Fidla zikaingia. Sauti ikarudi, ikapita juu ya fidla kama trekta juu ya kitalu.

"Nani huyo," mzee aliuliza, "anauza samaki ndani ya muziki wangu?"

"Babu, ngoja, itaisha."

Haikuisha.

"Zima."

Safina akaondoa laudi spika. Alipozungumza, sauti yake ilikuwa chini sana. "Nitumie ambao sauti yako haimo."

"Safina..."

"Si utaucheza tena mkanda?"

"Umekatika."

Alisikia anavyovuta pumzi. "Babu amevua kofia, ameiweka chini, ameingia ndani," alisema. "Hakusema kitu. Wewe umesema vyote." Simu ikakatika, na tangu hapo namba ya Harithi haikupita tena.

Akapanda pikipiki bila safari. Alikwenda Mandawa, baba akamuuliza amefuata nini, Harithi akageuza pikipiki. Alikwenda Nambilanje kumwangalia mtu ambaye hakuwa mgonjwa. Bandani watu wakataka Jambia la Kisiwani, na kwa kuwa alibaki na ile ya kompyuta tu, akaiweka, akaketi nyuma na watazamaji, hana maiki. Wakafurahi kama kawaida. Yeye peke yake alikaa amekunja uso, akijisikia anavyopiga kelele, na chini ya kelele zile, kwa taabu, akitafuta fidla.

Hapo ndipo alipogundua kitu cha ajabu. Fidla hazikusikika, lakini alijua ziko wapi. Miaka yote ile alivuta pumzi pale tarumbeta ziliposhuka, akaanza sentensi pale ngoma ilipopiga, akaimaliza kabla klarineti haijaingia. Muziki ule alikuwa ameula wote.

Kesho yake alibisha hodi kwa Mzee Ismaily mchana kweupe, kanzu imenyooshwa, kofia mkononi.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba. Hamia kulia. Huko ulipo unaongea na ukuta."

Akahamia. "Mimi ndiye muuza samaki."

Mzee akamtazama kuanzia kofia mpaka kandambili. Cherehani iliyokuwa ikinguruma chumba cha pili ikanyamaza.

"Umefuata nini?" Safina aliuliza akiwa mlangoni, kanga kiunoni, uzi mdomoni.

"Nimemeza muziki wa babu. Nimekuja kuutapika."

"Akatapike nje," mzee alisema. "Hapa pamefagiliwa."

Harithi akakohoa, akaanza kuimba. Hakuweka maneno. Alipiga tarumbeta kwa midomo, ngoma kwa paja lake, fidla kwa meno. Jirani mmoja alichungulia dirishani akaenda zake. Alipofika pale panapopiganiwa juu ya paa, mzee akainua kidole.

"Hapo ni klarineti."

"Babu, hapo ni tarumbeta ya pili."

"Nilitunga mimi au ulitunga wewe?"

"Ulitunga wewe. Ila jamaa anarukia tarumbeta ya pili, nimemrusha mwaka wa kumi huu."

Mzee akafumba macho, vidole vikibonya tarumbeta isiyokuwepo. "Tarumbeta ya pili," alikubali kwa shingo upande. "Wa klarineti alichelewa siku hiyo, alikwenda kununua sigara. Na fidla zile zilikuwa zimenyeshewa mvua, hazikulia vizuri hata kidogo. Miaka yote nimetamani turudie."

Safina akatoa uzi mdomoni. "Basi turudie," alisema.

Alimwambia babu, si Harithi. Lakini alisema.

Akampigia Edina, akamweleza yote bila kupamba. Edina akasema santuri ya rekodi ya zamani imekufa, ila kama mtunzi yu hai na anaongoza mwenyewe, atakuja na vyombo vyake. Wapiga matarumbeta wa harusi wa Nachingwea Safina aliwajua wote. Sare zao zile nyekundu zenye vifungo vya dhahabu alizishona yeye. Fidla ilipatikana moja, ya Faith wa kwaya, na nyingine zikawa za kinanda cha kwaya.

Wakafanya mazoezi jioni baada ya jioni. Harithi alimwimbia kila mpigaji sehemu yake, mzee akikosoa kutoka kitini: hiyo ni harusi, mimi nataka vita. Safina alizungumza na Harithi ya kazi tu. "Mwambie wa ngoma apunguze." "Sawa." "Kesho uje mapema." "Sawa." Mtu wa maneno elfu akawa wa neno moja.

Siku ya kurekodi walitundika magodoro kwenye kuta za ukumbi wa harusi ili sauti isirudi. Safina, dira jeusi na mtandio mweupe, akamfuata Harithi pembeni.

"Babu haoni vizuri walio nyuma. Utasimama pale, uwape ishara ya kuingia. Kwa mikono. Ukitoa sauti, hata ya kukohoa, mimi na wewe hatujuani."

"Sa..."

"Umeanza."

Mzee akashusha mkono. Tarumbeta zikapaa, na nywele za Harithi zikasimama, maana hakuwahi kuusikia mzima. Akanyanyua mkono wa kulia, wa ngoma akaingia. Wa kushoto, Faith akaingia. Kisha wakafika kwenye paa. Mdomo wake ukaanza kutetemeka. Maneno ya miaka yalikuwa yamepanga foleni kooni, jamaa yuko hewani, sultani anakuja. Akauma kola ya shati. Kola ikateleza.

Safina aliliona hilo kutoka upande wa pili wa ukumbi. Akapita nyuma ya wapigaji kwa ncha za vidole, akamwekea Harithi kiganja mdomoni, mbele ya watu wazima wote wale. Akakiacha hapo. Harithi akamwingiza wa tarumbeta ya pili mahali pake hasa.

Sauti ya mwisho ilikufa taratibu ndani ya magodoro. Edina akasogeza kinasa sauti na kutamka, taratibu, kwa ajili ya kumbukumbu: "Muziki wa Jambia la Kisiwani. Mtunzi na kiongozi, Ismaily Mikidadi."

Mzee alikuwa ameinamisha sikio lake la kulia. "Rudia," alisema.

Edina akarudia.

"Hapo pa jina tu."

Alipotajwa mara ya tatu, mzee akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyeletewa chakula alichoagiza zamani, akaanza kulia bila kujificha. Wapiga matarumbeta wakawa wanakagua viatu vyao.

Safina akaondoa kiganja. Macho yake nayo yalikuwa yamelowa.

"Haya. Sema sasa."

Harithi akafungua mdomo. Akaufunga, akaufungua tena, na kwa mara ya kwanza miguu yake ilikuwa imetulia.

"Jumamosi," alisema mwishowe, "baba mkubwa atakuja kuongea na babu."

"Kuhusu nini?"

"Hiyo usinitake nitafsiri."

Safina akamgeuzia mgongo, akaanza kufungua kamba za magodoro.

"Jumamosi nina nguo za harusi za watu," alisema bila kugeuka. "Aje Ijumaa."