Bango la Kengele ya Mwezi

Siku ya Alhamisi, tarehe 9 Februari 2006, saa kumi na moja na dakika ishirini jioni, Fusae alikuwa amepiga magoti mbele ya madhabahu ya nyumbani kwake mjini Takaoka, akimwekea marehemu mumewe kibakuli cha wali wa moto. Mvuke ulipanda mbele ya picha yake. Nje theluji ilianguka bila sauti, kama ilivyokuwa ikianguka tangu Mwaka Mpya. Ndipo akasikia harufu ya sabuni.

Haikuwa sabuni ya nyumba ile. Ilikuwa sabuni ya kipande, ya zamani, iliyochanganyika na harufu ya mbao zilizoloa maji ya moto miaka nenda miaka rudi. Harufu ya hamamu, bafu la umma. Na hamamu ya mtaa wao ilikuwa imebomolewa kabla mwanawe hajaanza shule.

Aligeuza shingo. Harufu ilitoka kwenye chumba cha mabango. Humo ndani kitu kiligonga mbao, taratibu, kama kwa kidole kimoja. Kisha kikanyamaza, kile kimya cha mtu anayengoja kujibiwa.

"Yoshiharu?" alinong'ona, akajionea haya, maana mumewe alikuwa ameshachomwa na mifupa yake imo kwenye chombo cheupe pale pale mbele yake.

Alishika tasbihi, akasema dua ya Kibudha, "Namu Amida Butsu," akasema tena na tena, hadi harufu ikaondoka.

Chumba cha mabango kilikuwa cha Yoshiharu peke yake. Maisha yake yote alikusanya mabango ya filamu za katuni za zamani, yale yaliyochapwa ili yabandikwe wiki mbili kisha yatupwe. Aliyafuata kwenye maghala ya majumba ya sinema yaliyofungwa, kwa vinyozi, hata kwenye mabanda ya kuku, ambako watu waliyatumia kuziba upepo. Aliyalaza bapa kwenye kabati la droo pana, kila moja na karatasi yake laini juu. Na kila jioni, giza likianza kuingia, aliingia mle, akavuta droo ya chini kabisa, akasema neno moja tu, "Kesho," akaifunga. Walipokuwa bado wapya kwenye ndoa Fusae alimuuliza sababu. Yoshiharu alicheka.

"Nawaaga wanangu wa karatasi. Unawaonea wivu?"

Basi naye aliacha kuuliza.

Hospitalini, kabla ya kukata roho, aliomba jambo moja: bango la droo ile ya chini, liitwalo Kengele ya Mwezi, liwekwe jenezani lichomwe pamoja naye. Hakuna aliyeshangaa. Wengine huchomwa na miwani yao, wengine na kofia ya kuvulia samaki. Fusae kwa mikono yake aliiweka ile karatasi iliyoviringishwa kifuani pa mumewe, akaifunika kwa maua.

Ijumaa, saa ile ile, harufu ilirudi. Kidole kiligonga. Safari hii ilifuata sauti, nyembamba, ya mtoto mwenye adabu.

"Kaka, ni leo?"

Fusae alidondosha kibakuli.

Jumamosi asubuhi alimwambia mwanawe. Masanobu alikuwa karani kwenye kiwanda cha aluminiamu, mtu mzima ambaye hakuoa, na mapenzi ya mabango aliyarithi kwa baba yake, hadi namna ya kunawa mikono kabla ya kuyashika.

"Panya hao, Mama."

"Panya anamwita mtu kaka?"

"Panya wa siku hizi wana adabu kunishinda."

Fusae hakucheka. "Nobu, nifungulie ile droo ya chini."

Uso wa Masanobu ulibadilika. "Ya nini? Iko tupu."

"Nifungulie."

Haikuwa tupu. Bango lilikuwa limelala mle, na rangi zake zilikuwa kama zimepakwa jana: chura mzee amebeba kengele ya fedha mgongoni, na kando yake msichana mdogo aliyevaa mitalawanda myekundu, viatu vya mbao. Pembeni, doa la unyevu wa mvuke.

"Tulimchoma baba yako na nini?" aliuliza Fusae.

"Fotokopi," alisema Masanobu, akitazama chini. "Ya rangi. Niliitoa kwenye mashine ya stesheni."

"Umemdanganya baba yako jenezani mwake."

"Nimeliokoa, Mama! Unajua yamebaki mangapi? Hili tu. Kampuni ilifilisika, filamu yenyewe ikaungua ghalani, hakuna binadamu atakayeiona tena. Ilitoka mwaka ule wa theluji kubwa, treni zilikwama, mkoa mzima ukapata furushi moja la mabango. Baba mwenyewe ndiye aliyenifundisha kwamba bango likishaungua halirudi. Halafu leo nilitie moto kwa mkono wangu?"

"Lichome."

"Sichomi. Kesho nalipeleka Tokyo, watu wa makumbusho wanalingoja."

"Basi una baba wa karatasi wewe, si wa nyama."

Maneno yale yalimuuma Masanobu. Aliliviringisha bango, akalitia kwenye mkebe wake mrefu.

Alasiri alikuja mtawa wa hekalu lao, Ryoken, kusoma maombi ya marehemu ya kila wiki. Alikuwa na mafua, pua nyekundu, amechoka kukwamua gari lake kwenye theluji. Alisoma vizuri hivyo hivyo. Fusae alipomletea chai alimweleza yote kwa sauti ya chini, ili mwanawe aliyekuwa ghorofani asisikie. Mtawa aliweka kikombe chini bila kunywa.

"Kwa hiyo halikuchomwa," alisema.

"Mheshimiwa unajua nini?"

"Mumeo aliniambia hospitalini. Aliniomba nikuambie siku nikiona una nguvu za kusikia. Sijui kama unazo, Bi Fusae, lakini naona hatuna nafasi ya kungoja." Akapenga pua. "Unakumbuka mwaka wa theluji kubwa alikuwa akifanya kazi wapi?"

"Hamamuni. Alikuwa mchochea tanuri."

"Mwenye hamamu alibandika lile bango kwenye chumba cha kuvulia nguo. Watu wa sinema wakampa tiketi mbili za bure, ndiyo desturi yao. Yeye akampa Yoshiharu. Akamwambia, mpeleke Sayo."

Fusae alimkumbuka Sayo. Yatima, mpwa wa mwenye hamamu, aliyekuwa akipanga ndala za wateja mlangoni.

"Mtoto akamwuliza kila jioni, 'Kaka, ni leo?' Naye kila jioni akamjibu, 'Kesho.' Kwa sababu tiketi alikuwa ameshaziahidi pengine. Kuna msichana ambaye Yoshiharu alitaka kumtoa matembezi."

Jiko la mafuta ya taa lilinguruma pembeni.

"Msichana huyo ni mimi," alisema Fusae.

"Ni wewe."

Alikumbuka. Jioni ya mwisho ya filamu ile. Shali ya mama yake, chungwa walilogawana, theluji iliyorundikana hadi madirisha ya juu. Jioni hiyo aliibeba moyoni maisha yake yote kama jambo jema kuliko yote aliyowahi kupewa.

"Yule mtoto alipoona Yoshiharu hayupo tanurini, akatoka peke yake kwenda sinema," aliendelea mtawa. "Theluji ya paa ikamwangukia uchochoroni, ikamuua. Baadaye Yoshiharu alilibandua bango kwa mvuke akalileta kwake, na jioni ile ile akasikia swali. Hakuwa na la kujibu ila lile alilozoea. Alikusanya hayo mengine yote ili mtoto awe na picha za kutazama. Na alitaka kufa nalo ili ampeleke mwenyewe, kwa mkono wake."

"Mfukuze basi, Mheshimiwa! Nakuomba."

"Dhehebu letu halifukuzi mtu, Bi Fusae. Hata ningetaka, sijui. Na tumfukuzie wapi mtoto aliyeahidiwa?" Alitazama dirishani, mwanga ulikuwa unafifia. "Mwambie mwanao asijibu. Akijibu, aseme kesho. Lile neno jingine asilitamke. Atakayelitamka ndiye atakayempeleka."

Fusae alisimama haraka kuliko magoti yake yalivyoruhusu. Alikuwa hajafika katikati ya ngazi harufu ya sabuni iliposhuka kumlaki, nzito, ya uvuguvugu, na juu kidole kikagonga mkebe wa bati.

"Kaka, ni leo?"

"Mama, acha!" alipiga kelele Masanobu. "Umezeeka mno kwa michezo hii! Haya, ndiyo, ni leo! Leo hii! Umeridhika?"

Kidole kiliacha kugonga.

Kilichosikika baada ya hapo ni mitalawanda, kwa, kwa, kwa, ya mtoto anayerukaruka kwa furaha, na Masanobu akashuka ngazi akiwa na soksi tu miguuni, mkebe kwapani, mkono wa kulia umeinama kidogo kama umeshikwa na mtu mfupi, akampita mama yake bila kumwona, akampita mtawa aliyekuwa akimwita kwa jina, akafungua mlango, akaingia kwenye theluji.

Fusae alimfuata. Hakuchukua koti wala mwavuli, alitoka na aproni yake, akimwita, Nobu, Nobu, na mtawa nyuma yake akaanguka kwenye barafu ya mlangoni akashindwa kuinuka, naye hakugeuka, akapita duka la mchele lililofungwa, akapita daraja dogo, akizifuata nyayo za mwanawe ambazo kando yake kulikuwa na nyayo nyingine, ndogo, za viatu vyenye meno mawili, na nyayo zile ndogo hazikuzama kwenye theluji bali ziliiyeyusha, na katika kila moja mlikuwa na maji yanayotoa mvuke wa sabuni, hadi alipofika mahali ambapo zamani palikuwa na jumba la sinema na sasa ni maegesho ya magari.

Masanobu alikuwa amesimama mbele ya ukuta mtupu, wima, kama mtu aliye kwenye foleni. Midomo yake ilikuwa ya bluu. Fusae alimvuta, hakusogea. Alimpiga kofi, hakupepesa. Ulikuwa mlango usiokuwapo, na mwanawe angengoja ufunguliwe mpaka agande.

"Sayo," alisema Fusae.

Theluji iliyokuwa ikianguka kando ya mwanawe ilikuwa ikikwepa mahali fulani, penye kimo cha mtoto.

"Sayo, niachie mwanangu. Yeye hajui kitu. Sinema imebomolewa, binti, haitafunguliwa. Lakini filamu yako mimi niliiona. Nilikalia kiti chako. Njoo kwangu nikusimulie."

Kisha kiganja kidogo, baridi kuliko theluji, kikaingia ndani ya kiganja chake, na Masanobu akaanguka kwa magoti, akivuta pumzi kama mtu aliyetolewa majini.

"Dada," ilisema sauti. "Ulivaa shali nzuri."

"Usiku mmoja," alianza Fusae, "kengele ya mwezi ilikatika, ikatumbukia kisimani. Kisimani aliishi chura mzee, kiziwi."

"Halafu?"

"Mwezi bila kengele haukujua saa ya kutoka. Kukawa giza. Msichana mmoja yatima akateremka kisimani kwa kamba, akamkuta chura ameilalia kengele, anadhani ni bakuli."

Sauti ilicheka, karibu sana na nyonga yake. "Halafu?"

Alisimulia. Aliyakuta yote mahali alipoyaweka miaka ile: mto wa nyota, bundi mtoza nauli, daraja lililojengwa kwa nywele. Vidole vyake vilikufa ganzi, ganzi ikapanda kiwiko, ikafika begani, ikaanza kuelekea moyoni, naye akaendelea kusema kwa sababu kila aliponyamaza kiganja kile kilikaza.

"Wakafika mlango wa mwezi. Chura akasema, mimi nimechoka, ingia wewe. Msichana akaishika kengele kwa mikono miwili."

"Halafu?"

Fusae alifungua kinywa. Tukio lililofuata hakulikuta pale alipoyaweka mengine.

"Halafu, Dada?"

Hapo, mbele ya mlango wa mwezi, ndipo Yoshiharu aliposhika mkono wake gizani kwa mara ya kwanza. Baada ya hapo hakuona filamu. Aliona mwanga tu unaotembea ukutani. Angeweza kutunga mwisho, lakini huyu alikuwa amekwisha kudanganywa jioni nyingi mno.

"Sijui," alisema. "Nisamehe. Niliacha kutazama."

Baridi ilimfika kifuani. Taa za maegesho zilififia. Kiganja kilikaza hadi mifupa ya vidole vyake ikalia.

"Lakini sikuwa peke yangu," alisema kwa shida. "Yule kaka yako alikuwa kando yangu. Amekwenda mbele, anakungoja wewe. Nenda ukamuulize yeye mwisho wake. Njia nitakuwashia." Akamwangalia mwanawe. "Nobu. Kiberiti kimo mfukoni mwa aproni."

Masanobu alikuwa akitetemeka meno. Alimtazama mama yake, akautazama ule mkono wake ulioshika hewa, umekuwa mweupe hadi begani. Alifungua mkebe. Alilikunjua bango polepole, kwa kingo, kama alivyofundishwa, akalisimamisha juu ya theluji, na yeye mwenyewe akaliwasha. Alikuwa akilia. Chura aliungua, kengele ikaungua, mitalawanda myekundu ikawa myeusi.

Mwali ulipofika juu kabisa, kiganja kiliteleza kutoka mkononi mwa Fusae, kidole kimoja kimoja, na harufu ya sabuni ikaondoka na moshi.

Walikaa chini wote wawili, wamekumbatiana. Ryoken aliwafikia akichechemea, mablanketi mikononi.

"Mama," alisema Masanobu baadaye, "baba kweli alitazama hadi mwisho?"

Fusae alijaribu kukumbuka. Aliukumbuka mkono wa Yoshiharu, ulivyotetemeka, na jasho lake. Uso wake, macho yake, yalikuwa yanatazama wapi, hakujua. Alifumba macho, akaunganisha viganja, kimoja cha moto na kingine ambacho hakikuwahi kupata joto tena.

Ee Amida mwenye nuru isiyo na mpaka, mpokee Yoshiharu, mtumishi wako mwenye makosa. Mpokee Sayo aliyengoja. Wakutanishe njiani pasipo baridi. Na nakuomba, nakuomba sana, iwe kwamba alitazama. Namu Amida Butsu.