Nesi Dionisia na Kasha la Kiberiti

Kila asubuhi, kabla ya kwenda shule, Mwanawetu alifagia ua, akateka maji kisimani, kisha akambeba mdogo wake Saburi mgongoni na kumketisha kibarazani karibu na bibi yao Mwamina. Saburi alikuwa na miaka mitano, umri wa kukimbiza kuku, lakini hatua chache tu zilimmaliza pumzi. Uso wake ulikuwa umevimba, na asipochungwa alibandua udongo ukutani akautafuna.

Mwaka ule wa 1954, nesi mpya aliletwa katika zahanati ya Mtua, kule Nachingwea. Aliitwa Dionisia, Mmakua wa upande wa Masasi, msichana aliyetoka masomoni juzijuzi. Hata hajazoea maji ya kisima cha pale, akaomba jambo lililowaacha watu midomo wazi: kila nyumba ipeleke choo cha watoto, kidogo tu, ndani ya kasha la kiberiti, akakipime.

"Akipime kwa mizani gani?" Bibi Mwamina aliuliza kwa ukali. "Mtu akishika choo chako, ameshika tumbo lako. Na mbona hajaolewa, msichana mzima vile? Sikiliza, Mwanawetu. Cha Saburi hakitoki nje ya ua huu!"

Tangu siku hiyo Mwanawetu akawa anamchunguza nesi. Akitoka shule, alichungulia dirishani mwa zahanati. Alimwona Dionisia akipaka kitu juu ya kipande cha kioo, akakiinamia kwa jicho moja, akatikisa kichwa na kunong'ona peke yake. Mwanawetu alitimua mbio. Kama yule si mchawi, mchawi yukoje?

Hata hivyo, Jumbe Awadhi alikuwa ametoa amri, na nyumba isiyotii ingeitwa kwenye baraza lake. Mwanawetu akabuni ujanja. Alimwendea Filbert, mtoto wa jirani mwenye nguvu za ndama, akamhonga muhogo wa kuchoma. Filbert, ambaye mbele ya muhogo hakujua kukataa, alijaza makasha mawili badala ya moja. Mwanawetu akalipeleka la pili kwa jina la Saburi. Bibi alipoambiwa, alicheka mpaka akafuta machozi kwa pindo la kanga.

Waliokutwa na minyoo waliitwa kupewa dawa. Saburi hakuitwa. Kisha asubuhi moja alishindwa hata kuketi. Midomo yake ilikuwa myeupe, na moyo wake ulipiga mbio ingawa alikuwa amelala tu.

"Amemloga!" Bibi alilia. "Hata bila kasha amemloga!"

Adhuhuri ile ile ikasikika hodi. Alikuwa Nesi Dionisia, viatu vimejaa vumbi.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba," Bibi alijibu bila kumtazama.

Nesi alipiga magoti, akavuta ukope wa Saburi. "Juzi nilipita nikamwona kibarazani, uso umevimba. Na jicho hili halina damu, bibi. Lakini kasha lake halikuwa na mdudu hata mmoja. Jicho linasema hivi, kasha linasema vile. Mojawapo linadanganya, ndiyo maana nimekuja."

"Basi mpe hiyo dawa, uende zako!"

"Dawa ni kali, na mtoto amedhoofika. Nikimpa kwa kubahatisha, dawa yenyewe inaweza kumuua."

Mwanawetu akawaza. Akisema kweli, atamwaibisha bibi yake na kumkabidhi Saburi kwa mgeni asiyemwamini. Akinyamaza, je? Alimtazama mdogo wake akihangaika kuvuta pumzi.

"Kile kilikuwa cha Filbert, dada," alisema, akaanza kulia.

Bibi alimkodolea macho. Nesi hakugomba. Alimgeukia Bibi, akasema polepole, "Unaogopa kitapelekwa wapi. Ni haki yako kuuliza. Basi kilete mwenyewe, kisitoke mkononi mwako. Tukimaliza, utakichoma moto mwenyewe."

Bibi alikwenda amelikumbatia kasha, na zahanatini hakupepesa jicho. Nesi alimwita aangalie kwenye hadubini, chombo cha kukuzia vitu vidogo.

"Haya ni mayai, bibi. Mama zao wako tumboni wanamnyonya damu. Ugonjwa huu ni safura. Huingilia nyayoni, pale tunapokanyaga choo kilichoachwa porini."

Bibi alitazama mara ya pili, akaguna. Kasha alilichoma kwa mkono wake. Saburi akapewa kwanza dawa ya kuongeza damu, kisha ya minyoo alipopata nguvu, na kwa wiki kadhaa Bibi alikaa mlangoni pa zahanati akimlinda nesi kama mwizi. Mvua zilipoanza, Saburi alikuwa akitembea mwenyewe, na ua wao ulikuwa na choo cha shimo.

Mwaka uliofuata, daktari wa wilaya alifika na Jumbe kutafuta nesi kijana anayestahili tuzo. Aliwauliza watu habari za Dionisia. Ndipo Bibi Mwamina akasimama.

"Mimi nilimdhania mchawi," alisema. "Nilimtazama kila siku niuone ubaya wake. Hakuna aliyemtazama kama mimi, na sikuuona. Shahidi gani mwingine mnamtaka?"

Watu walipiga vigelegele, na Dionisia akainama kuficha machozi.

Bibi alimvuta Mwanawetu kando. "Kumshuku mtu si kosa, mjukuu wangu. Muulize, mtazame. Lakini mimi niliziba masikio, nawe ukadanganya, na aliyetaka kufa ni Saburi. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Umenisikia?"

"Nimesikia, Bibi."

"Haya, nenda kampe mkono nesi wetu."