Fomu ya Mama Marcelline

Kila siku nikitoka shule, kabla sijavua hata soksi, namkuta mtu amekaa mlangoni kwetu na karatasi mkononi. Leo barua ya kliniki, kesho tangazo la mwenye nyumba, keshokutwa ripoti ya mtoto. Nyumba yetu ya mtaa wa La Rochelle, huku kusini kabisa mwa Afrika, ina vyumba sita vya kupanga: Watanzania, Wakongo na familia moja ya Warundi. Wakubwa Kiswahili wanakijua, ila Kiingereza kinawapiga chenga. Watoto wao ni kinyume. Ukiwasemesha Kiswahili wanaelewa, lakini wanakujibu kwa Kiingereza au Kizulu. Mimi navimudu vyote, kwa sababu mama yangu, Bi Zubeda, ni mtu wa Tanga, na chakula ukimwomba kwa Kiingereza hupati.

Basi nikawa karani wa nyumba nzima nikiwa na miaka kumi na mitatu. Sitaficha, nilikuwa najiona. Mtu akisema, "Mayasa, bila wewe tungekuwa mabubu," nilivimba kichwa mpaka kesho yake.

Chumba cha nyuma alikaa Mama Marcelline, fundi cherehani kutoka Butembo, Kongo. Kazi yake ilikuwa kupunguza suruali na kushona sare za shule. Vipande vya vitambaa vilivyobaki alivitia kwenye gunia, na akimaliza kazi za wateja alivishona kuwa picha. Si shuka, si mfuko. Picha kabisa, ya kutundika ukutani. Kubwa kuliko zote aliishona kwa miaka miwili. Urefu wake ulikuwa mita nne, na chumba chake hakikufika tatu. Alikuwa anakunjua upande huu na kukunja ule, juu ya kitanda. Siku aliyojaribu kuitandaza uani, mwenye nyumba alikuja juu kwamba anaziba njia ya gari. Kwa hiyo yeye mwenyewe hakuwahi kuiona picha yake yote kwa pamoja.

Jumatatu moja mama alirudi kutoka Fordsburg, anakouza mitandio, akiwa na karatasi aliyopewa na mteja. Nikaisoma kwa sauti. Nyumba moja ya sanaa huko Randburg ilikuwa inatafuta wasanii sita. Kila mmoja angepewa studio kwa miezi mitatu, chumba kipana chenye madirisha makubwa, pamoja na vifaa vya kazi na msanii mzoefu wa kumwongoza. Mwisho kungekuwa na maonyesho. Maombi yalikuwa yanafungwa Ijumaa.

Mama Marcelline aliposikia "chumba kipana" alikaa kitako. "Miezi tatu? Na meza ya kukatia?"

"Na meza," nikasema.

"Mayasa, mutoto wangu, njoo uniandikie."

Nyuma ya karatasi ile kulikuwa na fomu yenye maswali mafupi, isipokuwa moja: Eleza kazi yako, na inatoka wapi. Mama Marcelline alikunjua kona ya picha yake juu ya kitanda akaanza kunisimulia kwa Kiswahili chake cha Butembo, ambacho "ndiyo" yake ni "njo".

"Andika hivi. Hii njo soko la kwetu. Mama yangu alikuwa anauza nyanya. Mimi nilikuwa mudogo, nakaa chini ya meza yake kutwa nzima. Chini ya meza uso wa mutu hauonekani. Unaona miguu, na pindo za vikwembe, vitenge vya wamama, na nyanya zenye kuanguka. Hii nyekundu yote ni nyanya. Nilijua kila mama kwa miguu yake. Andika hivyo tu."

"Basi?" nikauliza.

"Basi. Kuko nini tena?"

Niliandika kwenye daftari, lakini moyoni nilisononeka. Miguu na nyanya! Nani atampa mtu studio kwa sababu ya nyanya?

Kesho yake shuleni nilimweleza rafiki yangu Jocelyne, ambaye wazazi wake pia ni Wakongo. Alicheka. "Eish, Mayasa! Hawa watu wa fomu wanataka kulia. Binamu yangu aliandika mambo ya kusikitisha, akapata alichoomba. Kongo kuna vita. Andika vita."

"Lakini hakuniambia vita."

"Kwani atajua? Wewe ndiye unayejua Kiingereza."

Maneno hayo yalinikaa. Alhamisi nilikaa na fomu, nikaanza kutia chumvi kidogo, na chumvi ina tabia mbaya, mkono ukishaizoea huoni kuwa imezidi. Niliandika kwamba kijiji chao kilichomwa. Vile vipande vyekundu vikawa moto. Ile miguu ikawa miguu ya watu wanaokimbia. Na ili mambo yakolee zaidi, nikaandika, kama kwamba ni yeye anasema: "Mama yangu hakutoka kwenye ule moto." Nilipomaliza, machozi yalinilengalenga, nikajiambia kwamba hakika mimi ni mwandishi.

"Umeandika yote?" Mama Marcelline aliniuliza.

"Yote, Mama."

Akaweka sahihi yake taratibu, kwa herufi kubwa, bila kuuliza neno jingine. Aliniamini.

Wiki mbili baadaye alipigiwa simu. Amechaguliwa kwenda kwenye usaili, aje na picha yake, na kama hajui Kiingereza aje na mkalimani. Nyumba nzima ilishangilia. Mimi nilishangilia pia, lakini nikaikumbuka ile fomu.

Jumamosi tulifika Randburg. Tulipokewa na mkuu wa nyumba ile, Bi Refilwe, mwanamke mrefu mwenye sauti ya upole, na mzee mmoja mchongaji mwenye ndevu nyeupe. Walitupeleka kwenye ukumbi mtupu, sakafu inang'aa. Mzee akashika upande mmoja wa kitambaa, Bi Refilwe upande mwingine, wakakitandaza chote.

Mama Marcelline aliziba mdomo kwa kiganja. Alizunguka picha ile polepole, mara moja, mara mbili. Akacheka, halafu akafuta macho. "Mayasa, angalia, huku nilikosea. Meza imeinama!" Kisha akaendelea kuangalia. Sijawahi kumwona mtu mzima akiwa na furaha kiasi kile.

Bi Refilwe akanigeukia. "Tafadhali muulize, katika miguu hii, ipo ya watu walionusurika?"

Nikamgeukia Mama Marcelline. "Anauliza umetumia uzi wa namna gani."

Mama Marcelline akaeleza uzi wake kwa kirefu, ule wa pamba na ule wa nailoni, na jinsi wa nailoni unavyokata kitambaa. Mimi nikamtazama Bi Refilwe nikasema kwa Kiingereza, "Anasema inamuuma kuyazungumza."

Bi Refilwe akainamisha kichwa. Mzee mchongaji akavua miwani. "Tusimsumbue," Bi Refilwe akasema. "Yaliyo kwenye fomu yametosha. Tunachotaka ni kumpa mahali pa kufanyia kazi."

Msomaji, mambo yalikuwa yamekwisha! Studio ilikuwa yetu. Nilichotakiwa ni kufunga mdomo tu na kukunja kitambaa.

Lakini Mama Marcelline alikuwa amepiga magoti pembeni ya picha. Aliweka kidole kwenye jozi moja ya miguu, minene, chini ya kikwembe cha kijani.

"Mwambie huyu mama, miguu hii njo ya mama yangu. Jina lake Masika. Alikufa kabla sijaja huku, muzee, kitandani kwake, watoto wote tukiwa tumemzunguka, na bado alikuwa anatutania. Hakuiona hii picha. Mwambie nilimushonea yeye. Mwambie na jina."

Mimi nilikuwa nimemuua mama wa mtu kwa kalamu. Huyu bibi mcheshi aliyekufa akitania watoto wake, mimi nilimtia kwenye moto ili barua yangu ipendeze.

"Anasema nini?" Bi Refilwe akauliza.

"Anasema..." Nikaanza kulia. "Anasema hiyo ni miguu ya mama yake. Anaitwa Masika. Hakufa kwenye moto. Hakuna moto. Hizo ni nyanya. Ni soko, mtoto analiona akiwa chini ya meza. Moto niliuandika mimi. Na hata lile swali lako la sasa hivi nililibadilisha. Yeye hajui chochote."

Kisha ikabidi nifanye jambo gumu kuliko hilo: kumgeukia Mama Marcelline na kumweleza yote kwa Kiswahili. Nilimweleza nikiangalia sakafu. Nilipofika kwenye habari ya mama yake, alivuta pumzi, akasimama.

Wale wawili walijadiliana pembeni. Bi Refilwe akarudi, upole haukuwa umemtoka, ila sauti ilikuwa imekaza. "Fomu hii siwezi kuipokea. Haikuandikwa na msanii. Nafasi za kipindi hiki zinagawiwa leo, kwa hiyo hatakuwemo. Anaweza kuomba upya kwa kipindi kinachoanza Julai. Atapimwa pamoja na wengine wote. Siwezi kumwahidi kitu. Mwambie hivyo, tafadhali, kama nilivyosema."

Nikamwambia hivyo, kama alivyosema, neno kwa neno.

Njiani alitembea hatua mbili mbele yangu. Tulipokuwa tumesimama kwenye robot, yaani taa za barabarani, pale mjini tukingoja kuvuka, ndipo aliposema, bila kunitazama.

"Vita nimeviona, Mayasa. Lakini sikuvishona. Kila mutu hapa akisikia Kongo ananiuliza vita. Miaka kumi na moja, hakuna hata mumoja ameniuliza soko. Njo maana nilishona soko. Na wewe ukaniondolea."

Taa ikageuka kijani, akavuka. Nilimfuata nyuma.

Nyumbani, mama aliposikia, alishika kichwa. "Haya makubwa! Wewe mtoto, nani alikutuma?"

"Nilitaka kumsaidia, mama. Niliona yale maneno yake hayatoshi."

"Hayatoshi kwa nani? Mtu kakupa maneno yake kwa sababu yeye njia hana, wewe unayo. Ukiyabadili njiani, una tofauti gani na mtu aliyetumwa mzigo akaufungua? Kesho asubuhi utagonga mlango wake. Usiende na visingizio."

Niligonga. Mama Marcelline alifungua. Niliomba radhi, na kwa mara ya kwanza tangu nijue kuongea sikuwa na la kuongeza. Aliniashiria nikae. Kwa siku nyingi baada ya hapo aliitikia salamu yangu na hakuzidisha. Watu wa mlangoni nao walipungua, maana habari ilikuwa imezagaa. Iliniuma, lakini nilistahili.

Fomu mpya zilipotoka, aliniita. Nilishangaa. Angeweza kumtafuta mtu mwingine.

"Leta daftari," akasema. "Na leo tunafanya hivi. Mimi nasema sentensi moja. Unaandika Kiingereza. Halafu unanirudishia kwa Kiswahili kile umeandika. Kikiwa changu, tunaendelea."

Ilituchukua alasiri tatu. Sentensi moja niliandika "soko maridadi". Nilipomrudishia akaniinulia kidole. "Maridadi nilisema?"

"Hapana, Mama."

"Lilikuwa na matope. Toa."

Nikatoa. Nikaandika matope. Na ajabu ni kwamba tulipofika mwisho, nilimsomea yote, nikaliona lile soko mwenyewe, na miguu, na nyanya zinazoviringika, na mtoto chini ya meza anayewajua watu wote kwa visigino vyao. Hakukuwa na haja ya moto wowote.

Jibu lilikuja mwezi Juni, kwenye simu yake. Alinipa simu nisome. Mama yangu alikuwepo, amesimama mlangoni na mitandio yake begani. Nilisoma kimya kwanza, halafu nikatafsiri polepole: amekubaliwa kuanzia Julai, miezi mitatu, studio ya ghorofani, na yule mzee mchongaji ndiye atakayemwongoza. Mama alipiga kigelegele mpaka watoto wakatoka vyumbani.

Mama Marcelline hakupiga kelele. Alikaa kitandani, akanishika mkono.

"Mayasa, ulinipotezea miezi. Hiyo haitarudi. Lakini siku ile pale ukumbini, kudanganya kulikuwa kumeshinda, na ukasema ukweli mwenyewe, hakuna mutu amekukamata. Njo maana nilikuita tena. Sikia. Mutu akikupa maneno yake uyapeleke, hakukupa uyapambe. Ni amana. Yawe madogo, yawe makubwa, yafikishe vile yalivyo. Ukiyabadilisha, hata kwa upendo, unamufukuza mwenye maneno ndani ya maisha yake mwenyewe."

"Nimesikia, Mama."

"Muzuri. Sasa waandikie jibu. Waambie, nakubali."

Nikaandika neno hilo moja. Vidole vilikuwa vinawasha kuongeza "kwa furaha kubwa isiyo na kifani". Nikamtazama. Alikuwa ananitazama.

"Umeandika nini?" akauliza.

"Nakubali."

"Tuma."

Nikatuma.