Kiti cha Geneva

Asubuhi ile Rhonda alipoketi, magoti yake yalipanda juu kuliko nyonga. Kiti kilikuwa kimeshushwa.

"Tammy, nani kakigusa kiti changu?"

Tammy wa meza ya jirani hakuinua macho. "Shoga, mimi na makalio haya, nikiingia humo nitatokaje?"

Rhonda hakucheka. Daktari alimwambia wazi kwamba akiendelea kukaa vibaya, mgongo utamtoa kazini kabla ya mwaka kwisha. Na dawa za mumewe, aliyekuwa akisafishwa damu kwa mashine baada ya figo kushindwa, zililipiwa na bima ya kazi hiyohiyo.

Ndiyo maana Geneva, mwenzao wa ofisini, alipofariki, Rhonda alikuwa wa kwanza kukikimbilia kiti chake. Hakuna aliyemlaumu. Mji wao, Grand Rapids, ni wa kutengeneza viti vya ofisi. Wenyeji wanajua thamani ya kiti kizuri, na mtu akiondoka, chake huhamishwa kabla maua hayajawekwa mezani pake. Ila Rhonda alikisukuma hadi mezani pake kabla Geneva hajazikwa. Mama yule mfupi alikuwa amekiomba kiti hicho kwa miaka, akaja kukikalia wiki chache tu.

Rhonda alikipandisha. Kesho yake kilikuwa chini tena. Akaufunga kwa utepe mpini wa kukipandisha na kukishusha. Utepe ukakutwa mzima, kiti kikiwa chini, na viegemeo vya mikono vimesogezwa ndani kana kwamba ni vya mtoto.

Bado alimshuku Tammy. Siku ya kuchangia chakula, wenzake walipoizunguka meza ya vyakula, alibaki mlangoni, jicho moja kwa Tammy aliyekuwa akijipakulia tambi, jingine kwa kiti. Na hapo, mchana kweupe, ikamfikia harufu ya kafuri, ile dawa ya kuchua ambayo Geneva alijipaka mabegani, kisha kiti kikageuka taratibu kuielekea meza, mto wake ukabonyea, kikashuka kwa mhemo mrefu wa mtu aliyechoka anayepata pa kukaa, na viegemeo vikajivuta ndani, kimoja, halafu cha pili.

Nyuma yake sahani ilianguka. Tammy alikuwa ameona.

"Mrudishie," alinong'ona.

"Nimrudishie wapi? Meza yake ilishatolewa."

"Basi usikikalie, mwenzangu. Nakuomba."

Lakini alipojaribu viti vya zamani vya ofisini, vilimchoma kiuno hadi machozi. Rhonda akakirudia, akiomba radhi kimoyomoyo kila alipoketi. Hakukipandisha tena. Na maumivu yakaanza kupungua.

Tammy ndiye aliyemwita Curt, mtaalamu wa kampuni anayempimia kila mfanyakazi kiti chake. Curt alipiga magoti, akapima kisigino hadi goti, nyonga hadi bega, akapima tena.

"Kiti hakina kasoro, Bi Rhonda. Nyayo ziko chini, goti limekunjika vizuri, mgongo umeegemea. Kimekukaa kama umeshonewa."

"Si nilikwambia?" Rhonda alimgeukia Tammy.

"Hebu simama," Curt alisema kwa sauti ndogo.

Akasimama. Curt naye akasimama kando yake, akamtazama utosini.

"Mwezi wa tisa nilipokupima, ulikuwa umenipita kwa urefu."

Rhonda alitazama chini. Pindo za suruali zilikuwa zimelala sakafuni, na visigino vyake havikujaza viatu.

"Nitakiondoa sasa hivi," Curt alisema, akishika kiegemeo. "Nikuletee kingine."

"Rhonda, mwache akichukue," Tammy alisihi. "Kitakumaliza."

Rhonda alijinyoosha. Hakuna kilichouma, si kiuno, si shingo. Alimfikiria mumewe aliyelala akiwa amefungwa kwenye mashine, na miaka iliyobaki kabla ya kustaafu.

"Curt," alisema, akauondoa mkono wa Curt kwenye kiti kwa upole, "kiache."

Akaketi, akajivuta mezani, akaendelea na kazi.