Kila Mwangwi na Jiko Lake

Jumamosi asubuhi Careen alifagia uwanja, akawamwagia kuku pumba, akaosha na vyombo bila kuambiwa. Mama yake alimtazama, akacheka.

"Leo kumekucha! Ungekuwa hivi kila siku, mwanangu, ningenenepa."

"Nawahi studio kwa shangazi, mama. Wimbo wa Sista unamalizika leo."

Mtaa mzima wa Mshangano, pale Songea, ulijua habari za wimbo huo, maana Careen na wenzake wa kwaya ya watoto waliuimba mpaka mbuzi wakachoka. Sista Kasiana, aliyewafundisha kuimba, alikuwa amehamishiwa Nakapanya, kule Tunduru. Angeondoka kesho alfajiri kwa basi. Watoto walitaka aondoke na kanda yenye sauti zao, asije akawasahau.

Studio ya shangazi Hilda ilikuwa chumba kimoja karibu na soko, madirisha yamezibwa kwa magodoro makuukuu. Ndani mlikuwa na redio kaseti kubwa, maikrofoni moja, na kompyuta iliyonunuliwa Dar es Salaam ikiwa imeshatumika. Kwa kuwa maikrofoni ilikuwa moja, watoto walirekodiwa mmoja mmoja, kisha kompyuta ikaziunganisha sauti zao. Careen aliwakuta Leonce na Esteria, wenzake wa kwaya, wamekwisha kaa kwenye benchi.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Natoka kidogo nikanunue kanda tupu. Ninyi sikilizeni wimbo, mniambie kama kuna sauti imezidi. Lakini mipangilio msiiguse. Tumeelewana?"

"Ndiyo, shangazi," wakaitikia wote.

Wakasikiliza. Kinanda kilianza, kisha ikaingia sauti ya Esteria ikifuatwa na mwangwi mtamu, kana kwamba anaimba ndani ya kanisa. Shangazi alikuwa ameujaribu mwangwi huo kwenye sauti ya Esteria kwanza. Leonce akanuna.

"Mbona Esteria ana mwangwi, halafu mimi naimba kama nimefungiwa stoo?"

"Sauti nzuri ndiyo hupambwa," Esteria akasema akijishaua.

"Acheni kugombana," Careen akasema. "Kila mtu atapata wake."

Alikuwa amemwona shangazi akifanya kazi mara nyingi. Alijua kwamba ndani ya ile programu kubwa ya muziki huchomekwa programu ndogo ndogo ziitwazo plagini. Moja hutoa mwangwi, nyingine hutoa sauti ya kinanda. Akaweka plagini ya mwangwi kwenye sauti ya Leonce, kisha kwenye yake, kisha kwa kila mwanakwaya, asije akalaumiwa na mtu.

Hakuishia hapo. Plagini ya kinanda ilikuwa kongwe, na iliwahi kuizima programu nzima katikati ya kazi. Ndipo shangazi akaibadilishia mpangilio, ikawa inafanya kazi pembeni, peke yake. Careen akajiambia, kama kukaa pembeni kunazuia programu kuzimika, basi zote na zikae pembeni! Akazibadilisha moja baada ya nyingine, na Leonce akampigia makofi.

Walipoucheza wimbo, lahaula! Sauti zilikatikakatika na kupasuka kama bisi kwenye sufuria.

"Rudisha ilivyokuwa!" Esteria akapiga kelele.

Careen alibonyeza huku na huku, lakini kompyuta ilikuwa nzito, haitaki hata kufungua ukurasa. Mara mlango ukafunguka, shangazi akaingia na kanda mkononi.

"Jamani, kuna nini?"

"Ni umeme, shangazi," Careen akadakia. "Umeme wa leo mdogo."

Uongo gani ulikuwa mwepesi kuliko huo? Songea ya miaka ile umeme ulikuwa wa mgao, taa zikififia na kung'aa zipendavyo. Maharage yakiungua, umeme. Mtoto akichelewa shule, umeme. Shangazi aliitazama taa, akaguna.

"Nilijua tu. Basi tuzime kabla haujaniunguzia mashine. Tutamalizia kesho mchana, ukitulia."

Kesho mchana! Kesho mchana Sista atakuwa njiani, ameshaipita Namtumbo, mikono mitupu. Leonce alitazama sakafu, Esteria akang'ata kucha, na mkono wa shangazi ulikuwa umeshafika kwenye swichi.

"Shangazi, usizime!" Careen akasema. "Si umeme. Ni mimi. Nimegusa mipangilio."

Shangazi aligeuka polepole. "Na umeme umeusingizia wa nini?"

"Niliogopa."

"Ukawa tayari Sista aondoke bila kanda, kisa uoga wako?"

Machozi yakamlengalenga Careen. Aliona aibu mpaka masikio yakamwaka moto. "Hapana, shangazi. Ndiyo maana nimesema."

Shangazi alivuta kiti, akaketi. "Haya, nioneshe ulichogusa. Bila hivyo ningeshinda nahangaika na nyaya bure."

Careen akamwonesha kila kitu. Shangazi, pamoja na hasira zake, akashindwa kujizuia kucheka.

"Juzi mlikula pilau ya ubatizo kwa mzee Polikarp. Wapishi walimwashia kila mgeni jiko lake?"

"Hapana," Leonce akajibu. "Jiko lilikuwa moja, kubwa."

"Wangemwashia kila mgeni lake, kuni zingetosha?"

"Wapi! Zingeisha kabla maji hayajachemka."

"Basi huyu dada yenu kila mwangwi kaupa jiko lake na mpishi wake. Kompyuta yangu kuni zake chache, imeishiwa."

"Sasa mbona kinanda umekiweka pembeni?" Careen akauliza.

"Kinanda ni dagaa anayenuka. Huyo unampikia kando asiharibu chungu cha wote. Lakini ni yeye tu, mwanangu, si sherehe nzima!"

Akaifuta miangwi yote, akabakiza mmoja, akaurudisha ndani ya programu kubwa na kuzielekeza sauti zote kwake. "Kanisani mnaimba wengi, mwangwi ni mmoja," akasema. Kinanda akakiacha pembeni palepale. Wimbo ulipochezwa tena, ulitiririka bila kukwama.

"Mimi huyo!" Leonce akaruka. "Kama askofu!"

Wakaurekodi kwenye kanda. Adhabu ya Careen ilikuwa kufagia studio na kukunja nyaya zote, akaifanya bila kunung'unika.

Alfajiri kwaya yote ilikuwa stendi. Sista Kasiana aliipokea kanda, akampa dereva aipige kwenye redio ya basi, na muda si muda wimbo ukasikika madirishani. "Hiyo yangu!" "Hapana, hiyo ni yangu!" watoto wakagombea. Sista alifuta macho kwa ncha ya shela, huku akicheka, mpaka basi likaondoka.

Careen alimshika shangazi mkono. "Shangazi, jana nisingesema..."

"Ungekuwa hapa unampungia mkono kwa aibu," shangazi akasema. "Kosa ukilisema mapema, hutengenezeka. Ukilificha, wanaumia na wasiohusika. Na umeme wa Songea una makosa yake ya kutosha, mwanangu. Usiuongezee na ya kwako."