Jambo Moja la Kusema Getini

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Chiriku alipiga magoti chini ya cherehani ya bibi yake na kuokota pini kwa sumaku. Bibi alishona sare za nusu ya watoto wa mtaa, na macho yake hayakuziona tena pini zilizoanguka. Mjukuu wake alikuwa na jina la daftarini, lakini watu wote walimwita Chiriku, kwa sababu mdomo wake haukujua likizo.

Asubuhi hiyo alikuwa akisimulia kichekesho cha mbuzi aliyeingia kwa kinyozi. Alipofika mahali mbuzi anapopanda kiti, akaanza kucheka mwenyewe, akacheka mpaka sumaku ikamponyoka, na mwisho wa kichekesho haukusikika. Ndivyo ilivyokuwa kila mara. Bibi aligeuza uso dirishani akakanyaga pedeli kwa nguvu.

"Mke mwenzangu," akasema baadaye, "Jumamosi utasema wewe getini. Mwaka huu koo langu halinitii."

Chiriku akaacha kucheka. Zamani, kiwanda cha nyuzi kilichokuwa mwisho wa barabara yao kiliungua, na wafanyakazi kadhaa hawakutoka. Mama yake alikuwa mmoja wao, na yeye wakati ule alikuwa hajaota hata jino. Tangu hapo, kila mwaka siku ya kumbukumbu ya moto ule, mtaa mzima ulikusanyika kwenye geti la kiwanda na kutembea kwa miguu hadi makaburini. Kabla ya kuondoka, mtu mmoja wa kila familia alisema jambo moja kuhusu marehemu wake, na wote wakaitikia, "Tumemsikia."

"Niseme nini, bibi? Mama alikuwa mtu wa namna gani?"

"Alikuwa mtu mwema," bibi akajibu, na cherehani ikaanza kunguruma.

Jibu lilikuwa hilo hilo kila mwaka. Chiriku alikwisha kuhudhuria misiba ya kutosha kujua kwamba kila marehemu ni mtu mwema, hata yule mwenye duka aliyekuwa akipunja sukari. Yeye hakutaka mtu mwema. Alimtaka mama mwenye sauti, mwenye mwendo wake, mwenye chakula alichokichukia. Usiku mwingine alijaribu kumkumbuka, na kilichokuja ni ile picha moja ya ukutani, imekaa kimya.

Jioni hiyo alitumwa kupeleka koti la kinyozi lililokuwa limebadilishwa mifuko. Kinyozi alikuwa akizungumza na mteja habari za moto ule. Chiriku alimsikia akisema kwamba kuna mtu mmoja alikuwa ameshatoka salama, akarudi ndani ya moshi, akafungua mlango wa nyuma uliokuwa umekwama. Wengi walitokea mlango huo. Yeye hakutoka tena.

Chiriku angeweza kuuliza mtu huyo alikuwa nani, kwani swali lenyewe lilikuwa na maneno mawili tu. Hakuuliza. Aliweka koti juu ya kiti akaondoka mbio, na alipofika nyumbani alikuwa amekwisha kumwona mama yake akiusukuma mlango ule kwa bega.

Kesho yake mwalimu aliwataka wanafunzi watakaosema getini wajaribu kwanza darasani. Chiriku alisimama akasimulia habari ya mama yake, moshi na mlango, kana kwamba alikuwepo. Darasa zima lilinyamaza, jambo ambalo hata mwalimu hakuliweza siku zote. Kisha ikawa zamu ya Kijiti, mvulana mwembamba aliyekaa naye dawati moja. Baba yake, fundi mitambo, alikufa siku ile ile. Kijiti alisimama, akamtazama Chiriku, akasema hana la kusema, akaketi. Siku iliyobaki hakumwazima hata kifutio.

Ijumaa, bibi alimtuma Chiriku kununua vitunguu kwa mama yake Kijiti, aliyekuwa na meza ya mboga kwenye kona. Mama yule hakupima vitunguu. Alifuta mikono yake polepole.

"Mwanangu, ile habari ya mlango umeipata wapi?"

Chiriku akababaika. Alisema amesikia tu, watu wanasema.

"Aliyeufungua ni baba yake Kijiti. Miaka yote getini nilisema mengine, hili nikamwekea mwenyewe alisema mwaka huu. Sasa mtoto wangu hataki kusema kesho. Anasema akisimama, wenzake wataona amekuiga." Sauti yake haikuwa na hasira, na hilo lilimuumiza Chiriku zaidi. "Baba yake hakumwachia nyumba wala shamba. Alimwachia mlango ule."

Chiriku alirudi nyumbani bila vitunguu. Kweli njia ya mwongo ni fupi, na yake ilikuwa imeishia kwenye meza ya mboga. Alitamani kumwambia bibi, lakini ulimi wake, uliozoea kukimbia, siku hiyo uligoma.

Jumamosi watu walijaa mbele ya geti, wamevaa nguo safi, wengine wameshika maua. Familia moja baada ya nyingine ilisema. Mzee wa mtu alipenda redio. Dada wa mtu alikuwa na hasira za karibu lakini hakulala na kinyongo. "Tumemsikia," watu waliitikia kila mara. Kijiti alikuwa amesimama nyuma kabisa, ameinamisha kichwa. Zamu ya Chiriku ikafika, na wenzake wa darasani wakamkodolea macho, wakiisubiri habari ya moshi.

"Nilisema uongo darasani," akasema. "Aliyerudi kufungua mlango ni baba yake Kijiti, si mama yangu. Mimi mama yangu simkumbuki. Sina jambo la kusema. Natamani ningekuwa nalo."

Hakuna aliyeitikia. Chiriku alitamani ardhi ipasuke immeze. Ndipo mzee mmoja, aliyekuwa mlinzi wa geti lile enzi za kiwanda, akakohoa.

"Mimi ninalo," akasema. "Mama yako alikuja kazini na ndala, viatu vya kisigino kavishika mkononi. Alivivaa hapa nilipo, akapita kama meneja. Nilikuwa nikimpigia saluti."

Watu wakacheka kidogo. Mama yake Kijiti akasema kwamba marehemu hakula bamia, hata kwa kubembelezwa. Kisha bibi akasogea mbele, na koo lake, lisilomtii, likamtii.

"Mwanangu alikuwa akicheka kabla ya kumaliza kichekesho chake," akasema. "Alikuwa na kimoja cha jogoo aliyekwenda kununua saa. Mpaka leo sijui jogoo yule alifanya nini dukani."

Chiriku akamtazama bibi yake. Akalia, na machozi yale yalikuwa na raha ndani yake.

"Tumemsikia," watu wakaitikia.

Halafu Kijiti akapenya katikati ya watu. Hakusema mengi. "Baba yangu alikuwa ametoka," akasema. "Akarudi, akafungua mlango." Watu waliitikia kwa sauti kubwa kuliko zote za siku hiyo, na Chiriku aliitikia kuwashinda wote. Msafara ulipoanza, alimwomba Kijiti msamaha. Kijiti alisema watayamaliza Jumatatu, lakini akamgawia ua moja.

Makaburini, bibi na mjukuu wake waliketi kando ya kaburi, wakang'oa magugu.

"Kama ungesema uongo ule leo," bibi akamwambia, "watu wangemkumbuka mtu mwingine kwa jina la mama yako. Yeye mwenyewe angebaki hana wa kumkumbuka. Uongo, hata ukiwa mzuri, humfukuza mtu wa kweli akiwa amesimama mlangoni. Anayekosa kitu aseme amekosa, apate kusaidiwa. Na mimi nina kosa langu, mjukuu wangu. Kila ulipocheka nilimsikia yeye, nikageuza uso. Nilikunyima kilicho chako."

Chiriku alifuta udongo mikononi. Angetaka kumsikia mama yake mara moja tu, hata akimgombeza. Lakini hilo halikuwezekana, na alilijua.

"Bibi," akasema, "huyo jogoo alianzaje?"

Bibi akaanza kusimulia, kwa sauti ya mwanawe. Jogoo alipofika mlangoni kwa muuza saa na kubisha hodi, Chiriku akaanza kucheka, na safari hii bibi hakugeuza uso.